Mgombea wa chama kidogo hashindi kwa makofi!

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana mjini Mpanda. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa.)

Wewe uliyeazima gazeti hili kijiweni, usilirudishe kwanza. Maneno haya ni yako pia.

Nimeombwa nizungumze juu ya mgombea wa chama kidogo. Mimi si mwanasiasa, sina cheo katika chama chochote. Nina cheti cha kidato cha nne, kalamu na daftari. Habari yangu ikichapwa nalipwa, isipochapwa nalala na chai ya rangi. Kwa hiyo sikuja hapa kumwombea mtu kura. Nimekuja kusema kosa nililolifanya mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Mwaka 2020 niliombwa niwe wakala wa mgombea udiwani wa chama kidogo. Kata siitaji, chama sikitaji, wala yeye simtaji, maana mwenye kosa ni mimi. Alikuwa fundi baiskeli. Kampeni yake yote ilikuwa spika moja ya kuazima tuliyoifunga kwenye mkokoteni. Lakini uwanja ulijaa! Vijana walipiga miluzi, wakambeba juu juu mpaka shati likachanika. Tukasema kazi imekwisha.

Siku ya kura niliingia kituoni kabla ya saa moja asubuhi, tumbo tupu. Mgombea hakuwa na hela ya kutulisha. Saa kumi jioni kituo kikafungwa, meza zikasogezwa ili kura zihesabiwe. Wakala wa chama kingine akaletewa wali na kuku. Akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, nenda ule kwanza, hawa watachelewa." Nikatoka, nikala. Niliporudi hesabu ilikuwa imekwisha na fomu imejazwa.

Je, kura ziliibwa? Siwezi kuapa kwamba ziliibwa, wala siwezi kuapa kwamba hazikuibwa. Mgombea aliponiuliza tumepata ngapi, nilimsomea karatasi iliyobandikwa ukutani, sawasawa na mpita njia yeyote. Wale vijana waliombeba, wengi wao hawakuwa hata na kadi ya mpiga kura.

MPANDA ILIKWISHAFANYA

Sasa usije ukaniambia kwamba chama kidogo hakiwezi kushinda huku mwisho wa reli. Rudi nyuma mpaka tarehe 14 Desemba 2005. Uchaguzi ulikuwa ufanyike Oktoba 30, ukasogezwa kwa kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe. Siku hiyo Jakaya Kikwete alizoa asilimia 80 ya kura za urais nchi nzima. Freeman Mbowe wa CHADEMA hakufikisha hata asilimia 6.

Chama hicho kilipata majimbo matano tu. Yahesabu kwa vidole: Karatu, Moshi Mjini, Tarime, Kigoma Kaskazini. La tano? Mpanda Kati! Mbunge akawa Said Amour Arfi. Wakati huo hata Mkoa wa Katavi haukuwapo, maana ulizaliwa mwaka 2012. Tulikuwa bado Rukwa.

Mwaka 2010 Arfi akarudi bungeni, jimbo likiitwa Mpanda Mjini. Na jirani yake alikuwa nani? Waziri Mkuu mwenyewe, Mizengo Pinda, aliyepita bila kupingwa katika Jimbo la Katavi. Yaani wilaya moja, upande mmoja mwananchi hakupata nafasi ya kuchagua mbunge, upande wa pili akamchagua mpinzani. Mwaka 2015 kiti cha mjini kikachukuliwa na Sebastian Kapufi wa CCM. Na mwaka 2020, hapo kwa jirani zetu Rukwa, Aida Khenani alishinda Nkasi Kaskazini. Lilikuwa jimbo pekee CHADEMA ililoshinda nchi nzima.

Kwa hiyo mwananchi wa huku si mtumwa wa rangi ya fulana. Anaangalia mtu.

MCHEZO UNAANZIA KWENYE KARATASI

Wengine mnauliza, kwa nini mtu mzuri ajifunge na chama kisicho na hata ofisi? Kwa sababu sheria yetu haimruhusu kusimama peke yake. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi juu ya mgombea binafsi, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994. Katiba ikabadilishwa mwaka huo huo ili kuufunga mlango. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ikampa tena haki. Mlango haujafunguliwa. Basi aliyetemwa na chama kikubwa, au asiyekitaka, hubisha hodi kwa chama kidogo.

Na usidhani ubunge unadai shahada. Katiba inataka uwe umetimiza miaka 21 na ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mimi na cheti changu natosha! Wewe pia unatosha.

Tatizo ni fomu. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai ya kasoro za fomu. Vyama vikasusia, na CCM ikatangazwa kushinda karibu asilimia 99. Kwa hiyo kabla ya kumtafutia mgombea wako spika, mtafutie mtu mwenye mwandiko mzuri na macho makali. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kadi. Wadhamini wawe wamejiandikisha kweli. Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani.

USIDHARAU UDIWANI

Vijana tunapenda ubunge kwa sababu unaonekana kwenye televisheni. Lakini mbunge akiingia katika baraza la madiwani ana kura moja kama diwani mwingine. Ushuru wa soko, maegesho ya bodaboda, taka za mtaani, hayo yako mezani kwa madiwani. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo 4 ni yako, wewe kijana wa Makanyagio, Kawajense au Nsemulwa! Nani atauliza baraza imekwenda kwa nani, kama kule ndani hakuna mtu wako?

"LAKINI KURA ZITALINDWAJE?"

Najua kuna anayenicheka. Anasema, baada ya 2019, na baada ya Oktoba 29, 2025, CHADEMA ikiwa nje ya karatasi ya kura na vijana wenzetu wakipoteza maisha, wakala wa nini tena? Ndugu yangu, sikucheki. Wakala hana uwezo wa kumrudisha mgombea aliyekatwa mapema, na atakayekwambia anaweza ni mwongo. Lakini mgombea akiwa amebaki kwenye karatasi, halafu kiti chake mezani kiko tupu wakati wa kuhesabu, hapo hatuwezi kumlaumu kigogo yeyote. Hapo tumejipokonya wenyewe.

Basi fanya haya. Jiandikishe, na kadi yako usimwachie mtu kwa sababu ya kofia au elfu mbili. Ukimpenda mgombea maskini, usimdai soda. Changa wewe, hata ya viazi viwili vya kuchemsha kwa ajili ya wakala wake. Na ukiwa wakala, beba chakula na maji yako, kaa mpaka kura ya mwisho, soma fomu kabla ya kusaini, dai nakala.

Yule fundi hakunigombeza. Wiki moja baadaye nilipita kwenye banda lake, akanipa kiti, akaniambia, "Safari ijayo, mdogo wangu, nitakununulia chapati mapema." Mpaka leo naona haya kupita pale.