Maji Yatembee, Yasikimbie

Ndugu wasikilizaji, natumaini mmekwisha kukaa kikundi kwa kikundi, na mwandishi wa kila kikundi ana kalamu na daftari mkononi. Na wewe ndugu msomaji, uliyekosa matangazo na sasa unayasoma maneno haya kijitabuni, karibu. Fanya kama wenzako: soma polepole, na jaribio tutakalolieleza usiache kulifanya.

Somo letu la leo ni juu ya ardhi, miti na maji katika wilaya ya Karatu. Mwezi wa Machi 2022, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi, likakubaliana maana ya jambo ambalo siku hizi huitwa suluhisho litokanalo na maumbile. Maana yake ni hii: kuilinda misitu, ardhi na mito, kuirudishia afya yake na kuitumia vizuri, ili imsaidie binadamu katika shida zake, na papo hapo viumbe wengine wapate pa kuishi. Jina hilo ni jipya, lakini kazi yenyewe si mpya, na wengi wenu mmeiona kwa wazee wenu.

Basi tuanze na swali. Maji tunayoyatumia Karatu yanatoka wapi?

Utajibu: yanatoka mvuani. Ni kweli, lakini hujamaliza. Mji wa Karatu uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukitazama juu upande wa Ngorongoro, utaona msitu mzito uliofunika miteremko mpaka karibu na ukingo wa kreta, ambako ni yapata mita 2,300. Huo ndio Msitu wa Nyanda za Juu za Kaskazini, na umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Asubuhi nyingi ukungu hulala juu ya msitu huo. Majani, mizizi ya hewani na kuvu za miti huukamata ukungu, nao hugeuka matone, matone yakaanguka chini. Ardhi ya msituni imefunikwa na majani makavu na kujaa matundu ya mizizi na wadudu, kwa hiyo maji hayakimbii. Hupenya chini, yakasafiri polepole ndani ya miamba, kisha yakatokea mbali kama chemchemi na vijito.

Mashamba ya kahawa ya Oldeani hunywa maji hayo. Chemchemi za Mang'ola, zinazonywesha mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, hupata maji yake kutoka milima hiyo hiyo. Upande wa pili, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Mto wa Mbu, msitu mkubwa wa Ziwa Manyara umesimama kijani hata kiangazi, kwa sababu ya maji yanayobubujika kutoka chini ya ardhi. Basi mkulima wa vitunguu aliye katika joto la Mang'ola, ambaye pengine hajakanyaga msitu wa mlimani hata siku moja, anaishi kwa msitu huo. Huo ndio mtungi wetu, na mtungi ukipasuka, hauulizi ni nani mwenye kiu.

Sasa tuje kwenye mvua yenyewe. Dunia imepata joto zaidi ya digrii 1 kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda vikubwa kuanza kuchoma makaa na mafuta. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi: kila digrii moja ikiongezeka, mvuke huweza kuongezeka kwa yapata sehemu 7 katika 100. Kwa hiyo mvua inapokuja, aghalabu huja kwa nguvu, na inapokawia, jua hukausha ardhi upesi. Mtakumbuka ukame wa mwaka 2009 ulivyomaliza ng'ombe wengi kaskazini ya nchi yetu, na mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilivyokata barabara. Mkulima wa Karatu hakuuwasha moto uliopasha dunia joto, na wenye viwanda vikubwa hawana budi kupunguza moshi wao. Hakuna msitu wa kuwalipia wote deni hilo. Lakini mvua ikishuka juu ya shamba lako, haitangoja mkutano wa mataifa.

Mvua hiyo ikikuta ardhi tupu, tone moja moja hupiga udongo kama nyundo ndogo. Udongo laini huvunjika, matundu yake huziba, na maji yakikosa pa kuingia huanza kukimbia, huku yamebeba udongo wa juu, wenye rutuba. Kwanza ni kijifereji cha upana wa kidole. Msimu wa pili ni mfereji. Baada ya miaka michache ni korongo, na ng'ombe akitumbukia humo hatoki. Udongo huo haupotei bure: unakwenda kuujaza mchanga mfereji wa jirani na kujaza tope maziwa yetu.

Fanyeni jaribio hili kabla ya somo lijalo. Chukueni madumu mawili ya lita 5, kila moja likatwe ubavu mmoja, lilale kama mtumbwi. Dumu la kwanza litieni udongo mtupu wa shambani. La pili litieni bonge la udongo lililokatwa pamoja na majani yake. Yainamisheni yote mawili kidogo, midomo ikielekea chini, na chini ya kila mdomo wekeni bakuli. Kisha mwaga maji sawasawa juu ya kila dumu kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Tazameni mambo mawili: maji ya bakuli lipi yamekuwa mengi, na ya lipi yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwandishi aandike.

Mkishaona hayo, mtaelewa dawa yake. Ni kuyafanya maji ya shambani yaende kama yale ya msituni: yatembee, yasikimbie.

La kwanza, lima kwa kukinga mteremko, usilime kwa kuufuata. Ili kuupata mstari ulio sawa huhitaji chombo cha fedha nyingi. Funga fito mbili zenye urefu sawa kwa juu, tanua miguu yake, kisha funga ufito wa tatu katikati kwa kukatiza. Kutoka juu ning'iniza uzi wenye jiwe, kama timazi ya fundi mwashi. Simamisha, tia alama uzi unapogusa ule ufito wa kukatiza. Badilisha miguu mahali pale pale, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi unapotakiwa kusimama. Kila uzi ukisimama hapo, miguu yote miwili iko usawa mmoja; piga kigingi, songa mbele.

La pili, kando ya mistari hiyo panda mchirizi wa mabingobingo au majani mengine yenye mizizi mingi. Maji yakifika hapo hupunguza mwendo na kuacha udongo wake, na majani utawakatia ng'ombe.

La tatu, usiiache ardhi uchi. Wakulima wa Karatu wamezoea kuchanganya mahindi na mbaazi, na hilo ni jema, maana mbaazi hubaki na majani mahindi yakishavunwa, na mizizi yake huenda chini sana. Miaka ya 2000, shirika la FAO pamoja na watafiti wetu walifanya kazi na wakulima wa wilaya hii katika kilimo hifadhi: kuacha mabua shambani, kupanda ngwara katikati ya mahindi, na kuchana ardhi mahali pa mbegu tu badala ya kuigeuza yote. Trekta zenye plau za sahani, zikilima kina kile kile mwaka hata mwaka, huacha chini tabaka gumu ambalo maji wala mizizi haipenyi.

Najua kuna anayenung'unika: “Shamba langu ni dogo, nalo mwalimu anataka nilime majani!” Neno lake ni la haki, basi tupige hesabu. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Michirizi mitatu, kila mmoja upana wa hatua moja na urefu wa hatua 70, inachukua hatua 210. Hiyo ni kama sehemu 4 katika 100. Pima sasa korongo lililo karibu nawe, uone limechukua hatua ngapi, na kama limekupa hata mzigo mmoja wa majani.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu ya mtu mmoja haiwezi kulimaliza. Ukiacha mabua shambani, na ng'ombe wa jirani wakaja usiku wakayala, kazi yako imekwisha. Ukikinga maji na jirani wa juu asikinge, maji yake yatavunja kingo zako. Kwa hiyo kazi hii ni ya kijiji, na sharti kijiji chenyewe kiiamue. Historia inatufundisha. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nyingi na faida hawakuiona. Mwaka 1955 walikataa, zikatokea ghasia, na mpango ukaachwa. Lakini Wairaqw wa Kainam, huko Mbulu, walikuwa tangu zamani wakipiga matuta, wakifukia majani na kubeba samadi shambani bila kusimamiwa na askari, kwa sababu ardhi ilikuwa yao na waliijua. Kadhalika Shinyanga: tangu mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa muda ili yapumzike, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na majani na miti.

Lipo pia swali la gharama. Mkulima aliye kando ya msitu hulala macho kwa sababu ya tembo na nyati, hali maji humfaidi na mtu aliye mbali. Je, ni haki abebe mzigo peke yake? Jirani zetu Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wametuonyesha njia moja. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Wakaulinda msitu wao, na wanaotaka kufidia hewa ya ukaa wanayoitoa wakanunua ulinzi huo. Fedha hulipa walinzi wa kijiji, matibabu na masomo ya watoto. Mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Zingatieni mpangilio wake: kwanza hati, kisha ulinzi, kisha malipo. Asiye na haki juu ya ardhi hawezi kuombwa ailinde kwa miaka mingi.

Sasa mjadili maswali haya, na majibu yaandikwe.

1. Chemchemi gani katika kijiji chenu imepungua, na juu yake pamelimwa nini?
2. Mabua yabaki shambani mpaka mwezi gani, na mwenye ng'ombe atalisha wapi wakati huo?
3. Wanaotumia maji bondeni wawape nini wanaoyalinda mlimani?

Swali la tatu ndilo gumu. Msilikimbie. Watu wa juu na watu wa bonde walizungumze uso kwa uso, maana mvua ya vuli haina subira.

Kwaherini, na kazi njema.