MADAFTARI YA WAFU WETU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu. Barua yao iliniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Kazi yangu, kama wengi wenu mjuavyo, ni usajili wa vizazi na vifo, na mtu wa kazi hiyo hana mengi ya kuchekesha watu karamuni. Nimeona basi niseme juu ya makaburi ya wilaya yetu ya Taita Taveta, ambayo tangu 2013 ni kaunti, na juu ya vitabu vilivyoandikwa, au vilivyokosa kuandikwa, kuhusu watu waliolala humo.

Najua wako watakaonong'ona ya kwamba sherehe si mahali pa matanga. Nawaomba wanivumilie. Jambo hili lawahusu walio hai zaidi kuliko wafu, nami nitaonyesha kwa nini.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema wazee wetu hawakuwa na kumbukumbu za maziko kwa sababu hawakujua kuandika. Si kweli. Mtaita wa zamani alizikwa, na baada ya muda wa mwaka hivi kaburi la mzee lilifunguliwa, fuvu likatolewa kwa taratibu zake na kupelekwa katika pango la ukoo. Huko mafuvu yalipangwa katika mwamba, na wazee wa ukoo walijua lipi ni la nani. Mapango hayo yapo hata leo katika milima yetu, na baadhi yenu mmepita karibu nayo mkienda kukata kuni. Lile lilikuwa daftari: lilikuwa na mahali pake, utaratibu wake, na watunzaji wake. Hali kadhalika miaka haikuhesabiwa kwa namba, ilihesabiwa kwa mambo makuu. Mtu alisemekana amekufa kabla ya njaa ya Mwakisenge, au baada yake, na kila mtu alielewa, maana njaa ile ya miaka ya 1880 haikuacha nyumba bila msiba.

Udhaifu wa daftari la namna hiyo ni mmoja tu. Lilikaa kichwani mwa watu. Mtunzaji akifa kabla ya kumfundisha mwingine, mafuvu yanabaki lakini majina yanapotea.

Kisha yalikuja madaftari ya karatasi. Wamisheni wa Kanisa la Kiingereza walifika Sagalla mwaka 1883, na mapadre wa Roho Mtakatifu wakaanza misheni ya Bura mwaka 1892. Mapadre walikuwa na desturi ya kuandika ubatizo, ndoa na vifo, kila kimoja katika kitabu chake. Kwa mtu wa kazi yangu vitabu hivyo ni hazina. Lakini viliwaandika waumini tu. Jirani aliyekufa bila kubatizwa hakuingia humo, hata kama alizikwa hatua hamsini kutoka kanisani.

Na serikali je? Vijana, sikilizeni hapa, kwa maana huenda hamjaambiwa darasani. Usajili wa vifo ulianza nchini mwetu tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini ulikuwa kwa ajili ya Wazungu, kisha na Waasia. Kwa Waafrika haukuwa lazima mpaka mwaka 1963, nao ulianzia Nairobi na Nyeri. Ulienezwa wilaya baada ya wilaya hata ukafika nchi nzima mwaka 1971. Maana yake ni kwamba babu aliyefariki kijijini mwetu mwaka 1950 hana mstari wake katika kitabu chochote cha serikali. Sasa linganisheni na kipande. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, na vita vilipokwisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole. Serikali iliyojua vidole vyake akiwa hai, apate kufanya kazi, haikuona haja ya kuandika siku aliyokufa.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo wilaya yetu inayo mengi. Wajerumani waliingia Taveta mwezi wa Agosti 1914. Mwaka 1915 reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kuelekea Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 palipiganwa Salaita, na mwezi uliofuata Latema na Reata. Watu wa mataifa mengi walikufa katika nyika hii. Ukienda leo makaburi ya vita ya Taveta na Voi utakuta nyasi zimekatwa, mawe yamenyooka safu kwa safu, na Maktau ipo sehemu ya askari wa Kihindi.

Katika makaburi ya Voi amelala Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikosi chake kilivamiwa, naye akajeruhiwa mguuni. Walipokuwa wakimbeba kumwondoa aliona ya kwamba wenzake walioumia vibaya hawangeweza kuchukuliwa. Akaamuru aachwe pamoja nao, ili apate kuwalinda, na akauawa hapo. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa kwake. Alikuwa mtu shujaa, nami sina neno juu ya jiwe lake. Jina lake lipo, tarehe ipo, na mjukuu wa ndugu yake akitoka Australia leo ataonyeshwa mahali.

Swali langu ni juu ya wale waliobeba maji, unga, risasi na majeruhi wa jeshi lile. Wapagazi wa Kariakoo, maana jina hilo latokana na kikosi chao, Carrier Corps, walikusanywa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1917 ulifanywa msako mkubwa wa kutafuta watu, na wilaya nyingi zilibaki na wazee, wanawake na watoto. Hawakufa kwa risasi sana. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Hesabu rasmi ilitaja zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria waliochunguza baadaye wanaona kwamba idadi ya kweli inakaribia 100,000. Hao wako wapi? Katika miji ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilisimamishwa sanamu katika miaka ya 1920 kuwakumbuka wote kwa jumla. Sanamu hizo ni nzuri, lakini hazina majina.

Msidhani ilikuwa bahati mbaya. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza iliundwa mwaka 1917, na kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, juu ya kaburi au juu ya ukuta wa ukumbusho, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Afrika Mashariki wakubwa wa wakati ule waliamua ya kwamba kwa wapagazi si lazima, na makaburi yao mengi yaliachwa yarudi kuwa pori. Wapagazi wale walikuwa wameandikishwa na kupewa namba. Kwa hiyo majina yalikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyahamisha kutoka daftari la mishahara hadi kwenye jiwe.

Miaka mia ilipita. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwao mwezi huo huo. Tangu hapo majina yanatafutwa katika nyaraka za nchi mbalimbali, na hapa Kenya pia. Januari 2025 ulifunguliwa ukumbusho mjini Cape Town kwa ajili ya watu weusi wa kikosi cha kazi, zaidi ya 1,700, kila mmoja kwa jina lake. Basi inawezekana.

Ndugu zangu wa Kasigau watanilaumu nisipowataja wao. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa mlima ule kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha wote mpaka Malindi. Watu wa mlimani walipelekwa pwani yenye joto na malaria, na wengi sana walikufa huko. Waliobaki hawakurudi Kasigau mpaka miaka ya 1930. Mtoto wa Kasigau anayeketi hapa leo hawezi kuonyeshwa kaburi la baba wa babu yake, wala karatasi inayolitaja. Anachoweza kupata ni maneno ya wazee, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Sasa nije kwa walio hai. Siku moja alikuja ofisini nilikokuwa nikifanya kazi mama mmoja mzee, ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi. Shamba analolima tangu aolewe lilikuwa bado kwa jina la baba mkwe wake, na alikuwa ameambiwa alete ushahidi wa kifo. Mzee yule alifariki kabla ya uhuru. Hakuna kitabu kilichomwandika. Shemeji zake walikuwa wamekwisha kuleta mnunuzi. Nilimwuliza: "Mama, mzee alizikwa wapi?" Akajibu: "Pale pale nyumbani, chini ya mwembe." Nikamwuliza kama kaburi lina maandishi. Akasema katekista alichora kwa kijiti katika saruji ilipokuwa bado mbichi. Tulimtuma kijana akaone. Jina lilikuwapo, na siku, na mwezi, na mwaka. Daftari la katekista huyo nalo likapatikana kwa mwanawe, limeliwa na mchwa pembeni, lakini mstari ule ulisomeka. Mama yule alipeleka mambo hayo mawili kwa wazee wa ukoo na kwa chifu, kesi ikaanza kusikilizwa, na mnunuzi akarudi alikotoka.

Fikirini ingekuwaje kama kaburi lingekuwa na msalaba wa mti. Mchwa wa nyika yetu huumaliza msalaba wa mti kwa misimu michache. Kisha mvua husawazisha udongo, na baada ya miaka thelathini mgeni hupanda mahindi juu yake bila kujua. Katika kesi za mashamba kaburi ni shahidi, lakini shahidi asiye na jina hasaidii.

Kwa sababu hiyo nina maombi mawili.

La kwanza ni kwenu wanafunzi. Likizo ijayo kila mmoja wenu achukue daftari moja la kawaida, lile la shule, aende kwa mzee aliyebaki katika ukoo wake. Aandike kwa kila kaburi la nyumbani: jina kamili pamoja na jina la utani, jina la baba na la mama, ukoo, mahali kaburi lilipo kwa alama isiyohama kama mwamba au mto, na mwaka. Mzee asipojua mwaka, mwulizeni ni kabla au baada ya jambo gani: njaa, vita, uhuru, ujenzi wa shule. Andikeni na jina la aliyewaambia, na siku aliyowaambia. Msisahihishe maneno ya mzee. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni yote mawili. Na wanawake na watoto waandikwe pia, kwa maana hao ndio wa kwanza kusahauliwa.

La pili ni kwetu sisi wakubwa. Chama chetu kimejenga tangi la maji na kulipia karo, mambo ya kusifiwa. Naomba sasa kitenge kabati moja la chuma katika maktaba ya shule hii, madaftari hayo yawekwe humo, na nakala zake zipelekwe kwa makanisa, misikiti na ofisi ya chifu wa kila mahali. Gharama yake haifiki ile ya karamu ya leo. Hali kadhalika tusiwe sisi wenye elimu ndio tunaozika na kuondoka bila karatasi. Kifo cha nyumbani huarifiwa naibu wa chifu, naye hutoa kibali cha kuzika. Kikipita miezi sita bila kusajiliwa, hakiandikwi tena bila idhini ya Msajili Mkuu, na hapo ndipo wajane huanza safari za kwenda na kurudi. Nimewaona wengi katika safari hizo, na baadhi yao ni wajane wa watu waliosoma hapa.

Wapagazi walikosa mtu mmoja wa kuhamisha majina yao kutoka kitabu hadi kwenye jiwe. Watu wetu nao wanahitaji mtu mmoja katika kila nyumba wa kuhamisha majina kutoka mdomo wa mzee hadi kwenye kitabu. Shule hii ilitufundisha sote kusoma na kuandika. Kazi ninayowaomba haihitaji elimu zaidi ya hiyo.

Bwana Mwenyekiti, daftari la ukoo wangu nimelileta. Lina majina 63. Namkabidhi Bwana Mkuu wa Shule liwe la kwanza kabatini, hata kabla ya kabati kununuliwa.