Kazi ya Muuguzi wa Mashine ya Figo: Ugumu na Furaha Yake

(Hotuba kwa kikundi cha akina mama na wazee, Mashuuru)

Mmetuuliza: nyinyi manesi wa mashine ya figo, kazi yenu hasa ni gani? Tutajibu kwa ufupi.

Figo huchuja damu na kutoa uchafu na maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo. Zikishindwa kabisa, mtu anavimba miguu, anatapika, pumzi inakuwa fupi. Hapo anahitaji mashine. Damu inatoka kwa mshipa, inapita kwenye chujio, inarudi mwilini. Kwa kawaida ni saa 4, mara 2 au 3 kwa wiki. Kila mara yanatumika maji yaliyosafishwa kama lita 120, yaani mitungi 6 ile ya lita 20. Nyinyi mnaoteka maji kwa punda mnajua huo ni mzigo gani.

Sisi tunampima mgonjwa uzito na presha, tunamdunga sindano, kisha tunakaa macho. Presha inaweza kuanguka ghafla. Hakuna kusema, "Ngoja ninywe chai kwanza."

Ugumu wa kwanza ni safari. Kabla ya 2015, hospitali nyingi za kaunti hazikuwa na mashine. Watu walikwenda Nairobi. Mwaka huo serikali ilianza mpango wa kuzipeleka kwenye kaunti. Hilo tunashukuru. Lakini kutoka huku kwetu hadi kwenye mashine bado ni mbali, na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hailipi matatu wala bodaboda.

Tulikuwa na mzee mmoja wa pande hizi. Aliuza mbuzi mmoja mmoja apate nauli. Mbuzi walipokwisha, akakosa siku moja, akakosa ya pili. Alipoletwa alikuwa amevimba mwili mzima, na hatukuweza kumwokoa. Mashine ilikuwepo. Nauli ndiyo iliyokosekana. Siku hiyo tulilia, jamani, na mgonjwa aliyefuata alikuwa anangoja.

Ugumu mwingine ni kukataza. Kumwambia mama wa Kimaasai apunguze maziwa, na kwenye jua hili apimiwe maji kwa kikombe, si rahisi. Wengine hutukasirikia. Tunavumilia.

Na furaha je? Ipo. Mtu analetwa amebebwa kwa shuka. Baada ya wiki chache anaingia kwa miguu yake, anatutania kwamba tumechelewa. Tunajua majina ya watoto wake na hata ya ng'ombe wake. Tumekuwa jamaa moja.

Basi tunawaomba mambo matatu:

1. Pimeni presha na sukari hata kama hamsikii maumivu. Hayo mawili huharibu figo polepole, kimyakimya.

2. Acheni kumeza dawa za maumivu za dukani kila siku bila kumwuliza daktari. Baadhi yake huumiza figo.

3. Kikundi chenu kina mchango wa kila mwezi. Tengeni kidogo kwa nauli ya mgonjwa wa figo, na mhakikishe bima yake imelipwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tutakaa kando ya mashine. Nyinyi mtusaidie mgonjwa afike.