Pesa Iliyopotea Njia

Tangu mwaka 2007 sisi Wakenya tumekuwa tukitumiana pesa kwa simu kupitia M-Pesa. Lakini kidole kikikosea tarakimu moja, karo ya mtoto wa mwenzetu huingia katika simu yetu. Je, hapo twaiita baraka, tukaitoa upesi na kuizima simu? Katika Mambo ya Walawi sura ya 6, aliyekana kitu alichookota aliagizwa akirudishe na kuongeza sehemu ya tano, ndipo alete sadaka yake ya hatia. Kwanza jirani, kisha madhabahu. Basi tusitoe fungu la kumi kwa pesa ya mwenzetu. Simu yake ikilia, tuipokee, turudishe yote. Bwana atuwezeshe. Amina.