Yaliyo Mbele ya Macho Yetu
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Mkomaindo, Masasi)

  Hatutawaweka sana, maana jua likishapanda kila mtu ana kazi yake.

Leo tunataka kuzungumza juu ya elimu isiyolipiwa ada. Elimu hiyo imo ndani ya ndoo ya maji. Iko chini ya mkorosho. Iko kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Kila siku tunaipita, kwa sababu tumeizoea. Kitu ukishakizoea hukioni tena. Muulize mtu aliyezaliwa chini ya majabali yetu haya ya Masasi, jabali lililo nyuma ya nyumba yake lina ufa mahali gani. Atakutazama tu. Mgeni aliyefika jana ndiye atakayekuonyesha.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika jando na unyago hawakuwa na vitabu. Walifundisha kwa wimbo, kwa kitendawili, na kwa vitu vya kawaida ambavyo mwali amevishika tangu utoto. Kitu kilikuwa kile kile, lakini sasa mwali aliambiwa akitazame. Sisi tunadhani hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kusoma, kabla ya a, e, i, o, u.

Tuanze na maji.

Ninyi mnaotoka upande wa Newala mnajua. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji yanazama chini kabisa. Chemchemi ziko huko chini, kwenye miteremko na mabonde. Kwa hiyo zamani mama aliteremka mlima na kuupanda tena kwa ajili ya debe moja. Wengine waliondoka usiku wa manane ili wawahi zamu. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na baadaye nchi ya Finland ilisaidia kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia 1972 hadi 1993. Mabomba yalifika, visima vyenye pampu za mkono vilichimbwa. Hata hivyo bomba likikauka au pampu ikivunjika, njia ya bondeni iko pale pale.

Sasa tazameni jambo dogo. Mama akijaza debe, huweka juu yake tawi dogo lenye majani. Kwa nini? Mtoto akiuliza aliambiwa, "Weka tu." Lakini jani lile lina kazi. Maji yakitikisika, jani huvunja mawimbi, nayo hayamwagiki. Tupige hesabu. Debe ni kama lita 20. Ukimwaga robo njiani, umepoteza lita 5. Ukienda safari nne, umepoteza debe zima. Yaani umepanda mlima mara moja bure, na shingo inauma kama kawaida! Aliyebuni jani lile hakwenda shule, lakini alitazama maji yanavyocheza, akatulia, akafikiri. (Siku hizi tuna ndoo zenye mifuniko. Mfuniko ni bora zaidi kwa afya, maana jani lililochumwa njiani huweza kuleta uchafu. Tusije tukasema tumeambiwa turudi kwenye majani.)

Bibi mmoja alitusimulia hivi. Alipokuwa kijana hakujua kuandika namba. Basi kila alipotoka bondeni alitia kokoto moja ndani ya chungu kibovu. Mwezi ulipokwisha alimwita mume wake, wakazimwaga kokoto chini, wakahesabu pamoja. Zilikuwa hamsini na nane. Mume hakusema neno. Msimu wa korosho ulipofika, fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya redio alinunulia bati na mfereji wa kukingia maji ya mvua. Bibi yule alicheka sana akitusimulia. Alisema, "Miaka yote nilimwambia nimechoka, hakusikia. Kokoto alizisikia."

Haya, tuje hapa kwetu Mkomaindo.

Nani hapa hajakaa kwenye benchi la hospitali? Ukisema Mkomaindo, mtu wa mbali hafikirii kata, anafikiria hospitali. Kina mama wamekaa pale na watoto mgongoni, wakisubiri mizani. Mtoto anapimwa, mhudumu anatia nukta kwenye kadi, mama anaikunja kadi ndani ya khanga, anakwenda zake. Kwa muda mrefu kina mama wengi waliitunza kadi ile kama cheti cha kodi: usiipoteze, utaulizwa. Ilikuwa karatasi ya mhudumu.

Tunamkumbuka mama mmoja wa darasa letu. Alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Jioni moja tulikuwa tunajifunza kusoma majina ya miezi. Mwalimu alisema kila mtu alete karatasi yoyote ya nyumbani yenye majina ya miezi. Mmoja alileta kalenda ya dukani. Yeye alileta kadi ya mtoto. Tuliiweka chini ya taa ya chemli, tukaanza kusoma: Oktoba, Novemba, Desemba. Nukta zilikuwa zinapanda vizuri, kama mtu anayepanda kilima. Tukafika Januari. Nukta ilikuwa sawasawa na ya Desemba. Februari, sawasawa. Machi, ilikuwa imeteremka.

Mama yule alinyamaza. Kisha akasema, "Lakini mtoto hajaugua."

Ni kweli, hakuugua. Alicheza, alicheka, na macho ya mama yalimwona kila siku. Mtu unayemwona kila siku humwoni akikonda. Darasa zima tukaanza kukumbuka: Januari kulikuwa na nini? Na jibu kila mkulima analijua. Januari, Februari na Machi ni miezi ya palizi. Chakula cha mwaka jana kimepungua ghalani, kipya hakijakomaa. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba na anarudi jua limeelemea. Mtoto ameachwa na dada yake mwenye miaka minane. Anapewa uji asubuhi, halafu hadi jioni. Uji wenyewe ni mwepesi wa muhogo, unajaza tumbo, haujengi mwili.

Hakuna aliyemgombeza mama yule. Tulikaa tukapanga, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu ya jioni ile. Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo, hawezi kula mara mbili akatosheka kama mtu mzima. Anahitaji kula kidogo kidogo, mara nyingi. Karanga zilizopondwa zikatiwa kwenye uji. Kunde zikachemshwa na kupondwa. Bibi wa mtoto akaombwa akae naye mchana siku za palizi. Baba mtu, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, aliulizwa yeye atafanya nini. Alikuna kichwa, halafu akasema atapalilia kipande cha mbali yeye mwenyewe, mama abaki kipande cha karibu na nyumba ili arudi mchana. Watu walipiga makofi. Sisi tunasema makofi yale alistahili, ingawa baadhi ya wanaume wenzake walimcheka njiani.

Aprili nukta ilisimama. Mei ilipanda. Mama yule alikuja darasani na kadi yake bila kuambiwa, akaipitisha mkono kwa mkono.

Tunaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu katika kisomo kila mtu huulizwa, "Umejifunza ili iweje? Umri umekwenda." Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kutangulia katika kufuta ujinga. Mwaka 1973 watu wakakaa vikundi vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakichimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi walidhani shabaha ni kupata cheti. Cheti ni kizuri, tunakitundika ukutani. Lakini ile kadi iliyokunjwa ndani ya khanga ndiyo iliyokuwa na mtoto ndani yake.

Tuseme kidogo juu ya mkorosho, maana huwezi kuzungumza Masasi bila kuutaja.

Wazee wanakumbuka msimu wa 1973/74. Tanzania ilivuna korosho zinazokaribia tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Kitu gani kilitokea? Wengi husema ni ugonjwa wa ubwiriunga. Tusiseme ugonjwa peke yake. Bei ilikuwa ndogo. Na watu walipohamia vijijini katika miaka ya 1974 na 1975, wengi waliacha mikorosho yao kwenye mahame. Mtu atembee saa mbili kwenda kufyeka chini ya miti, halafu abebe magunia kwa kichwa? Wengine walikwenda mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaacha. Msitu ukameza miti. Hayo ni kumbukumbu yenye maumivu, na wapo wazee ambao hadi leo wakipita pale hawatazami upande ule.

Lakini ubwiriunga nao ulikuwapo. Jina lenyewe lina unga ndani yake: kitu cheupe juu ya majani machanga na maua. Tulikuwa na mzee mmoja jirani ambaye wakati wa baridi, Juni na Julai, kila asubuhi alikaa chini ya miti yake kabla ya kufanya kazi yoyote. Vijana walimwita mvivu. Yeye alikuwa anatazama. Aliona kwamba unga unaanza pale miti ilipobanana, penye kivuli, ambapo umande haukauki upesi. Akakata matawi, na miti mingine akaing'oa kabisa. Kung'oa mkorosho! Watu walisema amepata wazimu. Baadaye mabwana shamba walipokuja na mafunzo ya salfa, walisema jambo lile lile: miti ipate nafasi, hewa ipite. Sasa ninyi jipimieni wenyewe kama alikuwa mvivu.

Tunasikia mtu akisema, "Hayo mambo madogo, nani atayaandika?" Tunamjibu hivi. Rais wa Awamu ya Tatu, Ndugu Benjamin Mkapa, alizaliwa Lupaso, hapa hapa Masasi, mwaka 1938. Mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Hatusemi kila mmoja wetu atakuwa rais. Tunasema tu kwamba mtu wa Lupaso aliona maisha yake yanafaa kuandikwa, na Lupaso si mbali.

Basi ombi letu kwenu ni dogo. Kila mmoja awe na daftari lake, hata la kurasa chache. Jioni, kabla ya kulala, kaa kimya kidogo, jiulize: leo nimeona nini? Andika mstari mmoja. Usitafute maneno makubwa. "Leo nyuki wametua kwenye maua ya mkorosho." "Leo nimepima korosho kwa mizani ya chama, na nyumbani nilipima kwa debe, na hesabu hazikulingana." Mstari kama huo unaweza kukuokoa siku mnunuzi wa kangomba akija na kikombe chake kikubwa na maneno matamu. Asiyejua kuandika vizuri na aandike vibaya, tutasoma. Anayekumbuka jambo la zamani aliandike pia, pamoja na mwaka wake kama anaujua. Kama haujui, aandike mvua ya mwaka ule ilikuwaje, au nani alizaliwa.

Jumamosi ijayo tutasomeana, mtu mistari mitatu, si zaidi, maana tunawajua wengine wenu mkipewa nafasi. Kina mama wenye watoto wadogo waje na kadi za kliniki. Kina baba nao, tafadhali, msiwaachie kina mama peke yao kadi hizo. Taa ipo, mafuta tumekwisha kununua.