Kulengwa au Kuelekezwa? Neno Moja la Elimumimea na Mnazi wa Mafia



Nimeombwa nizungumzie istilahi za sayansi, nami nitazungumzia neno moja tu. Wataalamu wa elimumimea wanaoandika kwa Kiingereza husema kwamba protini "hulengwa" kwenye kloroplasti, na neno wanalolitumia ni la wapiga mishale. Anayetafsiri kwa haraka huandika "ulengaji wa protini", akafunga daftari. Nadhani tafsiri hiyo inampotosha mwanafunzi kuhusu jambo lenyewe.

Tuanzie kisiwani Mafia, penye minazi mingi. Wakwezi wa huko wanalijua shaha, yaani moyo wa mnazi ulio kileleni, ambamo makuti machanga yamebanana gizani. Siku moja karibu na Utende nilikuta mnazi ulioangushwa na upepo, na mkwezi mmoja mzee akiupasua kilele.

"Shikamoo, mzee. Mbona kuti hili ni jeupe, na la nje ni la kijani?"

"Marahaba, mwanangu. Hili halijaliona jua."

Alijibu sawasawa. Ila jua peke yake halitoshi. Ndani ya seli za kuti changa mna plastidi ambazo bado hazijakomaa. Zipatapo mwanga hugeuka kuwa kloroplasti, chombo kinachofanya usanisinuru, na kwa kazi hiyo zinahitaji protini za aina 2,000 hadi 3,000. Kloroplasti ina jeni zake yenyewe, lakini hizo hutoa protini zisizofika 100. Protini nyingine zote jeni zake zimo katika kiini cha seli, nazo huundwa nje ya kloroplasti. Hata kimeng'enya cha Rubisco, kinachonasa hewa ya ukaa, kina vipande vikubwa vinavyoundwa ndani na vidogo vinavyoletwa kutoka nje.

Je, zinafikaje? Kila protini ya namna hiyo, isipokuwa chache, huzaliwa na kipande cha ziada kichwani, msururu wa asidi amino ambao ndio anwani yake. Vipokezi kwenye utando wa nje huitambua anwani hiyo. Kisha protini hupita ikiwa imekunjuliwa, kwanza katika lango la nje liitwalo TOC, halafu la ndani liitwalo TIC, na nishati hutumika. Ikishaingia, kimeng'enya hukikata kile kipande. Baadhi ya zile ziendazo ndani zaidi, katika vifuko vya thailakoidi, huwa na anwani ya pili iliyofichwa nyuma ya ile ya kwanza. Wazo la kwamba protini hubeba anwani yake mwilini ndilo lililompatia Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Basi, nani analenga? Mshale haujui uendako. Ajuaye ni mpiga upinde. Protini ni kama gunia lililoshushwa jahazini Kilindoni likiwa na alama ya mwenyewe: mchukuzi huisoma alama, wala halirushi gunia. (Mfano una mipaka yake. Sijaona gunia linalokunjuliwa uzi kwa uzi ili lipite mlangoni.)

Tena shabaha ya mpiga mishale haibadiliki, ilhali lango hili hubadilika kadiri mmea unavyokua. Mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, ukikosa kipokezi cha Toc159, huota ukiwa mweupe na kufa ungali mche. Mwaka 2012 watafiti wa kundi la Paul Jarvis walionyesha kwamba protini iitwayo SP1 hutia alama sehemu za TOC ili ziondolewe, na lango lijengwe upya mche unapoanza kupata ukijani na jani linapozeeka.

Wenzangu watasema kwamba "kulenga" kutamsaidia mtoto wa Mafia, aliyesoma kwa Kiswahili shule ya msingi, atakapokutana na Kiingereza Kidato cha Kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Lakini akishalielewa tendo lenyewe, neno la Kiingereza halitamsumbua. Akilielewa vibaya, hata Kiingereza hakitamwokoa.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilitufungulia njia. Kwa tendo hili napendekeza kitenzi "elekeza", na kwa kile kipande, "anwani". Limebaki suala la umbo. "Uelekezaji" humtaja mtenda, nasi tumesema mtenda mmoja hayupo. "Mwelekeo" limekwishachukuliwa na maana nyingine. Kwa hiyo nachagua "uelekezwaji wa protini", kwa mnyambuliko uleule wa "utekelezwaji". Najua linakwaruza sikio. Na wanafunzi wa mofolojia waliopo hapa, kama wana umbo jepesi zaidi lisilomrudisha mpiga upinde, nitalipokea leo hii.