Namba Yako ya Matibabu na Siri Yako
Mazungumzo na wakazi wa Mbagala, Wilaya ya Temeke



Leo tunazungumzia namba tatu: namba ya faili la hospitali, namba ya uanachama wa bima ya afya, na Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA.

Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, au ile ya Mwananyamala kule Kinondoni, wagonjwa wawili wenye jina moja wanaweza kufika asubuhi moja. Namba ndiyo inayowatenganisha, ili kila mmoja apate majibu na dawa zake.

Kwa sababu hiyo, msimwazime ndugu kadi ya bima, hata kwa huruma. Licha ya kuwa ni udanganyifu, maradhi yake yataandikwa katika kumbukumbu zenu. Siku mwenye kadi atakapoletwa akiwa hajitambui, daktari atasoma habari za mtu mwingine, na huenda akampa dawa inayomdhuru.

Namba hizo pia zahitaji kulindwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Akipiga simu mtu msiyemjua, akidai anatoka hospitali na kuomba picha ya kadi, msimtumie. Nendeni wenyewe mkaulize dirishani.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hivyo mnayo haki ya kuuliza taarifa zenu zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Mkiulizwa maradhi yenu mbele ya foleni, semeni kwa upole: “Naomba nimweleze daktari ndani.” Siri ikitoka, andikeni tarehe, mahali na yaliyotokea, kisha mumwone mganga mfawidhi wa kituo. Msiporidhika, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Asiwepo mgonjwa atakayeacha kwenda hospitali kwa kuogopa siri yake kutangazwa.